Funguo Tatu za Gitaa la Tata Mushiya

Gitaa la mzee mmoja, tata Mushiya, lilikuwa na funguo tatu za kukazia nyuzi badala ya sita. Tatu zilizokosekana zilipotea juu ya kichwa cha mwenye gitaa, na hapo hakuna chumvi iliyotiwa. Mwezi wa tatu mwaka 1993, pale stesheni ya Kolwezi, ambako familia zenye asili ya mkoa wa mbali wa Kasai zilirundikwa kungoja treni ya kuzifukuza, kijana mmoja alimnyang'anya mzee gitaa lake, akalikamata kiunoni kwa mikono miwili, akampiga nalo utosini. Kichwa cha gitaa kilikutana na kichwa cha mtu. Bamba la shaba lililobeba funguo za upande mmoja liling'oka na skrubu zake, likarukia kwenye kokoto za reli, na halikuonekana tena. Tata Mushiya alichukua siku nne kufa. Alikufa amekaa, mgongo umeegemea godoro lililokunjwa, inzi wakimtembelea kidondani, na treni ilikuwa bado haijafika.

Mwanawe Ngeleka alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kilichomkaa moyoni si damu. Kijana yule alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akija jioni kusikiliza gitaa hilohilo, na baba yake alijaribu kuongea naye. Alimwita kwa jina lake. Alimkumbusha vyakula walivyokula pamoja. Alikuwa bado anaongea wakati gitaa lilipotua. Tangu siku ile Ngeleka aliacha kuamini mdomo wa mtu mbele ya kundi, na mdomo wake mwenyewe aliuamini kidogo kuliko yote.

Mama yake, Tshibola, alilifunga gitaa ndani ya kitenge akalipandisha treni mpaka Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Aliyetoka Kasai ni babu, aliyeletwa migodini na wazungu. Wengine wote walizaliwa hukuhuku Kolwezi, kwenye vumbi la shaba. Kule walikotupwa watu waliuza mpaka sufuria ili wale. Gitaa hakuliuza. Na kila mara mwanawe alipotoka nyumbani, kwenda shuleni, sokoni, hata kisimani, alimrudishia somo lilelile.

"Ukiwa na karatasi, onyesha karatasi," alimwambia. "Ukiwa na kintu, onyesha kintu. Bantu bakikasirika habasikie, banaangalia tu."

Ngeleka alirudi Kolwezi akiwa mtu mzima, akachagua kazi ambayo mtu mwoga kama yeye angeikimbia. Alifufua mota zilizoungua. Pampu ya maji, mashine ya kusaga mahindi, feni, kila mota ina tumbo la waya wa shaba, na likiungua fundi hutoa waya mweusi uliokufa na kusuka mpya, mzunguko kwa mzunguko, mamia kwa mamia. Maana yake ni kwamba nyumba yake ilijaa shaba. Mji huu umekaa juu ya shaba, unakula shaba, na watu wake wanauana kwa ajili ya shaba, na yeye, mtoto wa waliofukuzwa, alilala na marobota yake chini ya kitanda.

Kwa hiyo alijikinga kwa namna yake. Waya ulioungua aliufunga kwa kamba, akabandika jina, akamrudishia mwenye mota mkononi. Waya mpya ukitoka nyumbani kwake, hata kipande cha urefu wa mkono, ulitoka na karatasi yenye jina, tarehe na muhuri wake wa mpira. Mwanzoni walimcheka. Walisema fundi huyu angemwandikia karatasi mpaka kuku anayepita na uzi mguuni. Miaka ilipita, wakazoea, na mtaani mtu akisema "shaba ya fundi" kila mmoja alielewa ni shaba safi, isiyo na maneno. Ngeleka aliyasikia hayo na kuyachukulia kuwa heshima ya mdomoni. Jirani wa nyumba ya tatu naye alikuwa na heshima ya mdomoni.

Kulifufua gitaa kulimsumbua kuliko mota yoyote. Mjini kuna funguo za Kichina za kung'aa, lakini nafasi kati ya shina la ufunguo mmoja na la mwingine haikulingana na matundu ya mbao ile ya zamani, ambayo baba yake aliinunua kwa mfanyabiashara wa Ndola mwaka 1957. Mpiga gitaa wa kanisani alimshauri atoboe matundu mapya. Ngeleka alimwangalia kama mtu aliyetukaniwa mama. Kichwa cha gitaa kilikuwa na ufa tangu siku ya stesheni; keekee ikiingia pale, kingepasuka vipande viwili. Rafiki mmoja wa karakana akamchongea funguo tatu kwa mashine. Jino la kwanza lilivunjika kabla uzi haujaanza hata kuimba. Alizitafuta mpaka mji wa Likasi, akarudi na mikono mitupu na homa.

Na muda ulikuwa unamkimbia. Mama Tshibola alikuwa na miaka sabini na tisa, macho yake yamekufa yote mawili. Kila Jumapili alitoka kanisani, akaomba ashushiwe gitaa, akapapasa kichwa chake upande ule mtupu, tundu la kwanza, la pili, la tatu, akauliza, "Bado?" Ngeleka alijibu bado. Swali lile lilimchoma, kwa sababu mama hakuwahi kulalamika.

Aliyekuja kumtoa kwenye shida hiyo ni Nkulu. Nkulu alinunua na kuuza vyuma chakavu, akisukuma mkokoteni kutoka migodi ya Mutoshi mpaka mjini, na hakuna bomba wala bati lililooza ambalo hakulijua kwa jina. Alikuwa Muluba wa upande wa Lubudi, si wa Kasai, mtu wa miaka hamsini, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto nyumba ya pili. Yeye na Ngeleka walikuwa marafiki kwa miaka minane, na urafiki wao ulikuwa wa kutukanana tu. Mmoja akikosa kumtukana mwenzake, mwenzake aliuliza kama anaumwa.

"Fundi, ile kintu yako nimeiona," alisema Jumatatu moja, salamu hakutoa. "Lubudi, kwa tata Kabemba, ule mwenye alikuwa anafanya kazi ya treni. Gitaa pacha ya hii yako. Muchwa inakula mbao yote, lakini chuma iko nzima."

"Funguo zote?"

"Zote. Nimezungusha na mukono yangu. Inazunguka muzuri."

"Anataka nini?"

"Hataki franga. Anataka waya ya shaba, ile nyembamba, ya kuviringisha juu ya nyuzi za sauti nene. Eko na gitaa ingine ya kupiga ku chapelle, kule banasali."

Ngeleka aliingia ndani mbio, akatoka na robota jipya la waya mwembamba, jekundu, zito mkononi. Kisha, kama kawaida yake, akavuta kitabu cha karatasi na kalamu. Nkulu alicheka mpaka akakaa chini.

"Karatasi ya nini? Mi sijue kusoma, Kabemba macho imechoka. Unaandikia nani, mbuzi za Lubudi?"

"Hii njo kazi yangu, Nkulu."

"Ninyi bakasai munapenda karatasi kupita bukari ku sahani. Mi na we tuko bandugu. Wacha hiyo, camion itaniacha."

Furaha humlegeza mtu. Ngeleka alimwangalia rafiki yake aliyekaa vumbini na machozi ya kicheko, akajiona mjinga na kalamu yake, akakifunga kitabu. Kwa miaka yote hiyo, hilo ndilo robota pekee lililotoka nyumbani kwake bila karatasi.

Nkulu aliondoka Jumanne alfajiri juu ya lori la mahindi. Jumatano usiku wezi walivunja kibanda cha transfoma cha mtaa, kile wanachokiita kabini, wakakata nyaya zote za shaba zinazotoka chini. Mlinzi wake, tata Mbelu, alikuwa amekilinda kwa miaka tisa akiwa na filimbi na koti la mvua. Asubuhi walimkuta amelala kifudifudi mlangoni, na nondo iliyomuua ilikuwa bado imekaa alipochomekwa nayo, nyuma ya sikio. Mkono wake mmoja ulikuwa umekatwa vidole viwili. Alikuwa amejaribu kuushika waya.

Mtaa ulibaki gizani. Pampu ikanyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza, akina mama wakabeba mahindi vichwani kwenda mbali. Lakini kilichowatia watu wazimu ni vile vidole. Alhamisi walimzika Mbelu, na Ijumaa kilio kilikuwa bado kimekaa, turubai limefungwa hatua hamsini kutoka kabini. Mtoto wake wa kwanza, Gradi, mchimbaji wa Mutoshi, alikuwa hajala wala hajalala kwa siku mbili. Hakuwa mtu mbaya. Miezi miwili nyuma alimletea Ngeleka mota ya pampu, akaiacha bila kuuliza lolote, akaja kuichukua na kusema asante. Ijumaa ile alikaa na vijana wenzake chini ya turubai, pombe kali ya lutuku ikizunguka kwenye kikombe kimoja, macho yao yote yakiwa kwenye mlango wa kabini.

Nkulu hakujua lolote. Alishuka kwenye lori asubuhi, akakata njia kwa miguu kuelekea kwa fundi, jua likamchoma, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa kabini ili apumzike. Kabemba alikuwa amempa bamba moja lenye funguo tatu, lile la upande uliohitajika, na akarudisha nusu ya waya akisema mzee kama yeye hana maisha ya kumaliza waya wote ule. Watu wa namna hiyo wapo. Bamba lilikuwa limefanya ukungu wa kijani. Nkulu hakutaka kulifikisha kwa rafiki yake likiwa chafu, akatoa koleo lake dogo na kuanza kulikwangua, akalisugua kwa mchanga, robota la waya likiwa kando yake, jekundu, linang'aa.

Mama Ernestine, muuza mandazi wa pembeni, ndiye aliyemwona kwanza. Mkokoteni wa Nkulu ulizoea kupita njia nyingine; kwake huyu alikuwa mtu asiyejulikana, nyuma ya kabini, na koleo mkononi na shaba mbele yake. Hakupiga kelele. Alivuka barabara akamwambia Gradi.

Ngeleka alikuwa ameinamia mota aliposikia ile sauti. Mtu aliyewahi kuisikia hawezi kuichanganya na nyingine. Si kelele za mpira wala za ulevi, ni sauti nzito, ya pamoja, inayokatika na kurudi kila pigo linapotua. Miguu yake, bila kuulizwa, ilikwenda kuelekea kule badala ya kukimbia, na baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Alipofika aliona migongo, kama mia hivi. Alisimama karibu na meza ya mama Ernestine, akachungulia kati ya mabega.

Mtu alikuwa amelala ubavu vumbini. Walimpiga kwa mpini wa sepetu, kwa mnyororo wa baiskeli, kwa mateke. Mnyororo ulikuwa umemfungua ngozi ya kichwa, kipande kimeninginia juu ya sikio. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba, hataki kuifungua, na kijana mmoja aliikanyaga kwa buti, mara ya kwanza, ya pili, mpaka vidole vikalia kama vijiti na ngumi ikafunguka. Kilichotoka ndani kiliokotwa na kuinuliwa juu ili wote waone. Bamba la shaba, lenye funguo tatu.

Hapo ndipo Ngeleka alipomtambua.

"Ni ya fundi," Nkulu alikuwa anasema, mdomo umejaa damu na meno. "Ni ya fundi Ngeleka. Muulize fundi."

"Ni mwizi wa cabine," mama Ernestine alimwambia Ngeleka kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni bei ya andazi. "Banamukamata na shaba. Bao njo baliua Mbelu."

Ngeleka alifungua mdomo. Wala msidhani kwamba hakujaribu. Aliufungua, na ulimi ulibaki mahali pake kama kipande cha mbao. Alimwona baba yake akiongea. Alisikia jinsi maneno yake mwenyewe yatakavyotoka, na lafudhi aliyoirudisha kutoka Mwene-Ditu, na alisikia jibu pia: kumbe wewe mukasai ndiye mnunuzi, kumbe ni wewe uliyewatuma, kumbe Mbelu alikufa kwa ajili ya marobota yaliyo chini ya kitanda chako. Wangemuuliza karatasi ya waya ule. Mtaa mzima ulijua kwamba shaba ya fundi haitembei bila karatasi. Na karatasi haikuwepo. Aliogopa. Jina la kitu hicho ni woga, na yeye mwenyewe hakuwahi kulibadilisha.

Kisha akakumbuka gitaa, na woga ukapata kazi ya kufanya. Gitaa ndilo ushahidi. Matundu matatu, mashina matatu, nafasi zake hazilingani na kitu kingine chochote mjini. Akiliweka bamba lile juu ya mbao mbele ya macho yao, hakuna mtu atakayehitaji kumsikiliza, wataona wenyewe. Nyumba yake ilikuwa barabara mbili tu kutoka pale. Katika kundi mapigo yalikuwa yamepungua kidogo, yakakaribia kusimama kabisa, Ngeleka hakujua kwa nini. Aliutumia muda huo kugeuka, akaondoka, mwanzoni akitembea ili asionekane, na alipokata kona akakimbia.

Nyuma yake ile sauti ilianza tena.

Mama Tshibola alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza upande wa kelele.

"Ni nani banamupiga?"

"Nkulu."

"Nkulu yetu?" Alinyoosha mkono hewani. "Na we unafanya nini hapa?"

"Nakuja chukua gitaa. Nibaonyeshe ni kintu ya gitaa."

Kipofu yule aliipata suruali yake na kuikamata kwa vidole vyote. "Rudi na mikono mitupu, Ngeleka. Rudi useme. Muntu anakufa."

"Habatasikia, mama. We njo ulinifundisha."

"Nilikufundisha vile ulikuwa mutoto. Enda."

Alijing'oa kwa nguvu, akamwangusha mama yake kwenye kizingiti, akaingia. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani kwa waya, na waya ule aliukaza upya kila Jumapili kwa ufundi wote ili mwizi asiuweze. Koleo lilimponyoka, akaliokota, akakata. Vumbi la wiki lilikuwa limeshika kwenye kichwa cha gitaa. Alilifuta kwa mkono wa shati, taratibu, upande ule wa matundu, ili waone vizuri. Hakujua alitumia muda gani kufuta. Kila alipokumbuka siku ile baadaye, alikuwa bado anafuta.

Alirudi amelikumbatia. Mtu aliyebeba gitaa akikimbia kuelekea mahali pa kuuana ni kituko, na migongo ilimfungulia njia kwa mshangao tu. Alifika katikati.

Walikuwa wamemwangushia Nkulu tofali la saruji kifuani, na lilikuwa bado pale juu yake, limekaa sawa, halipandi wala halishuki. Tairi lilikuwa limeshaletwa, limelala kando, linangoja petroli. Jicho moja la Nkulu lilikuwa wazi na mchanga ndani yake. Hakuwa analipepesa.

Ngeleka hakuliangalia sana. Alikuja na kazi na aliifanya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kichwani mwake na haikuwepo nyingine. Alipiga magoti. Bamba lilikuwa chini karibu na mguu wa Gradi, lina damu. Aliliokota, akalifuta kwenye suruali, akalileta juu ya kichwa cha gitaa. Shina la kwanza likaingia kwenye tundu la kwanza. La pili likaingia. La tatu lilikwama kidogo, akalisukuma kwa kidole gumba, likazama mpaka mwisho, na matundu manne ya skrubu ya bamba yakakaa juu ya matundu manne ya skrubu ya mbao, yaliyosubiri miaka thelathini na zaidi. Alizungusha ufunguo mmoja. Ulizunguka bila kelele.

"Ni ya gitaa," alisema. Sauti ilitoka sasa, ilitoka vizuri kabisa. "Ni ya gitaa ya tata yangu. Mi njo nilimutuma Lubudi. Waya pia ni yangu. Alienda Jumanne, Mbelu alikuwa angali muzima."

Aliliinua gitaa ili wa nyuma nao waone. Akageukia upande huu, akageukia upande ule. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Hakuna aliyesema mukasai. Mwenye mnyororo aliufungia ndani ya kiganja, akaurudisha mfukoni kama mtu anayeficha kitu kwa mama yake. Mtu mmoja alisema, "Fundi anasema kweli," na mwingine akasema, "Aye, ni kweli," na mama Ernestine akavuta kitambaa chake cha kichwa akaziba mdomo. Wa nyuma walianza kuondoka, kimyakimya, wawili wawili.

Gradi alibaki. Alikuwa ameshika mpini wa sepetu, na mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na alikuwa akimwangalia Ngeleka kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Fundi," alisema. "Ulikuwa hapa."

Ngeleka alilishusha gitaa.

"Nilikuona. Ulisimama pale kwa mama Ernestine. Alitaja jina yako, mi nikainua mukono, nikabaambia: muache kwanza, fundi ule pale, kama shaba ni yake atasema. Bote balisimama. Tulikuangalia. Ukaangalia shaba, ukamuangalia yee, ukageuka, ukaenda." Alimgeukia Nkulu. "Tukasema, basi, kama fundi anaenda, ni mwizi."

"Nilienda leta gitaa."

"Ya nini?"

"Juu muone, muniamini."

Gradi aliuangusha mpini. Alipiga magoti upande wa pili wa Nkulu, akatia mikono chini ya tofali, akaliinua peke yake, akaliweka kando polepole kama vile lingeweza kumuumiza mtu.

"Tungekuamini tu," alisema. "Ulikuwa useme neno moja."